Kamba Aliyonifunga Baba

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Jana ulipokuja na habari yako njema, kwamba umepata kazi ya kuendesha mashine ya kukatia mawe, nilifurahi mno. Uliona mwenyewe nilivyokushika mkono nisitake kuuachia. Halafu ukasema, "Babu, nifunge ile kamba ya ukoo niende nayo kazini, iwe baraka." Nikanyamaza. Mama yako akadhani kifua kimenibana. Si kifua, ni mshtuko. Wallahi, ungeniambia umeota mkia nisingeshtuka vile. Basi leo kaa hapa, hiyo simu itie mfukoni, nikwambie kwa nini sikukujibu.

Wewe umezaliwa Kibiti, maisha ya kwetu Mbwera unayasikia tu. Kule ni maji na matope, na mikoko juu yake. Jiwe hakuna. Mimi nimekua sijawahi kuona jiwe limelala chini bila mwenyewe. Mafiga ya mama yalikuwa ya udongo wa kichuguu, na kinoo cha kunolea mashoka tulikiazima kwa jirani, tukakirudisha kimeoshwa na shukrani juu. Usicheke, ndivyo ilivyokuwa.

Kazi yetu ilikuwa kukata boriti za mikoko. Katika ukoo wetu, kijana akianza kazi hiyo, baba yake humfunga kiunoni kamba ya makumbi ya nazi, inamzunguka mara kadhaa, na ncha yake huchomekwa ubavuni. Kwa kamba hiyo unavuta mtumbwi maji yakipwa, na boriti unaiburuta kwa hiyo hiyo. Na ukimwona mwenzio amezama matopeni, unachomoa ncha unamrushia, anashika, unamvuta. Huulizi wala hufikiri, mkono unakwenda wenyewe. Mimi baba aliwahi kunivuta hivyo, tope limenifika kifuani na maji yanajaa, na nilipotoka alinizaba kofi la kunifundisha kutazama ninapokanyaga. Fundo la kamba ile halifunguliwi. Unalala nalo, unaoga nalo, unaoa nalo. Hukatwa siku moja tu, siku unayolazwa uoshwe uende kaburini.

Sasa sikiliza. Ilikuwa wakati wa Mwingereza, serikali inajenga madaraja ya barabara ya kwenda Lindi. Yalitakiwa mawe ya kukatwa sawasawa, na tajiri mmoja wa Kihindi akapata kandarasi, akaleta mashine vilimani, nyuma ya Kibiti. Mimi nilikuwa nimepeleka boriti Kibiti, nikasikia ngurumo, nikaifuata. Salaala! Nilisimama kinywa wazi. Injini inakohoa moshi, mkanda mrefu unatoka kwenye injini unakwenda kuzungusha msumeno wa duara, maji yanatiririka juu ya msumeno usishike moto, na jiwe zima linakatwa kama muhogo wa kuchemsha. Na mabaki wanayatupa! Mimi ninayeazima kinoo, naona mawe yanatupwa kama maganda ya nazi. Kichwa kiliniwaka. Nikajiambia, Omari, kazi yako ndiyo hii, nyingine huna.

Mwendesha mashine alikuwa Fundi Abedi, Mmatumbi, mtu mfupi mwenye sauti ya kumkimbiza fisi. Nilipomwomba kazi hakutazama mikono yangu wala mabega. Alitazama kiuno.

"Hiyo kamba utaivua," akasema.

"Haivuliwi, fundi."

"Basi nenda zako salama."

Nikaenda zangu, nimenuna. Lakini nililala nikiuona ule msumeno. Nikarudi. Fundo sikulifungua, la hasha! Nilijipaka mafuta ya nazi, nikaishusha kamba taratibu mpaka miguuni, fundo lake zima, nikaitia sandukuni. Nikajiona mjanja sana.

Fundi akanifundisha. Alinifundisha kusikiliza msumeno, maana unaanza kulia vibaya kabla haujaharibika. Akanionyesha maji yaende kiasi gani, na jiwe lisukumwe bila pupa. Yale maji yaliyochanganyika na unga wa mawe yaliteremka kwenye shimo la pembeni, yakawa tope jeupe zito la kufika mapajani. Kila mmoja wetu alishatumbukia humo, wenzake wakacheka, akatoka mwenyewe. Lilikuwa tope la mchezo tu. Mwishowe fundi akaniahidi kwamba mvua zikikatika, msumeno nitaushika mimi. Nilikuwa natembea sikanyagi chini kwa furaha. Kitu kimoja tu kilinikosesha usingizi: baba hakuwa anajua kama kamba nimeivua, na bila radhi yake kazi ile ningeifanyaje?

Akajua. Jirani yetu mmoja aliniona naoga mtoni Kibiti, akarudi Mbwera na maneno: Omari anatembea kiuno kitupu. Ewe Mola! Kwa baba yangu hiyo ilikuwa sawa na kuletewa taarifa ya msiba.

Alifika machimboni baada ya adhuhuri, mashine inanguruma. Nilimwona akija, panga mkononi, kamba yake nene imemzunguka kiunoni, nikaenda mbio kumpokea. "Shikamoo baba." Hakuitika. Mwanangu, tangu nizaliwe baba yangu hakuwahi kuacha kuitika salamu yangu. Akainua shati langu kwa ncha ya kidole, kama anafunua chungu asichokiamini, akatazama kiuno changu.

"Nani kakuosha?" akaniuliza.

Nikalishusha shati.

"Nimesikia umekufa, nimekuja nionyeshwe kaburi. Kumbe unatembea! Sasa chagua. Leo unarudi nami Mbwera, au unabaki na chuma chako hicho, na radhi yangu huna."

Fundi Abedi alituona tumesimama karibu na mkanda, akapaza sauti. "Shikamoo mzee, karibu sana! Ila kamba hiyo, tafadhali, ivue, ama usogee kule kibandani tuzungumze."

Baba akamgeukia. "Kamba hii nilifungwa na baba yangu. Wewe ni nani wa kunivua?"

Fundi akanitazama mimi. "Omari, mwambie baba yako."

Nikainamisha kichwa. Nilijua, mwanangu. Nilishamwona fundi akirusha kipande cha gunia kwenye mkanda ule ili anionyeshe, kikapotea kabla sijapepesa macho. Lakini kumwambia baba yangu vua, mbele za watu, na yeye ameshanikasirikia? Ulimi uliniganda. Fundi akaguna, akasema basi anakwenda kuzima injini, akaanza kwenda.

Na mimi, kwa kuyakimbia macho ya baba, nikarudi nyuma hatua, nikarudi tena, mpaka nikauzunguka mwisho wa mkanda. Nikatumbukia shimoni.

Tope jeupe likanifika mapajani, likanimwagikia mpaka usoni. Nilitaka hata kucheka. Lakini baba hakuona shimo la mchezo. Yeye aliona mwanawe anazama. Yule yule aliyekuwa ameninyima radhi muda huo huo! Panga likaanguka chini, mkono ukachomoa ncha ubavuni, akapiga ukelele, "Omari, shika!" Akanirushia kamba.

Kati yangu na yeye ulikuwa unapita mkanda.

Lahaula! Kamba haikunifikia. Iliangukia kwenye mkanda, ikajinyonga kwenye gurudumu la mkanda, ikakaza. Na ile kamba, mwanangu, ilikuwa na baba yangu mwisho wake. Nilimwona ameondoka ardhini. Baba yangu, mtu aliyebeba boriti begani bila kuguna, alivutwa kama mtoto anavyovuta kigari chake. Akaanguka kifudifudi, akaburutwa, na uso wake unaelekea gurudumuni. Nilitoka shimoni sijui vipi, nikajitupa juu ya miguu yake, nikaing'ang'ania, na bado tukaburutwa wote wawili.

Aliyetuokoa ni Fundi Abedi. Palikuwa na mti pale injini ilipo, wa kuvulia mkanda. Aliuchukua akaupiga mkanda kwa nguvu zake zote, ukaruka nje ya gurudumu. Injini ikaendelea kunguruma bure, na kila kitu kingine kikasimama. Kichwa cha baba kilikuwa kimebakiza shubiri tu kufika kwenye chuma.

Nikamgeuza. Yu hai, macho yamemtoka, lakini kamba imemkaba mpaka imezama nyamani, hapati pumzi. Fundo limekaza limekuwa kama jiwe. Fundi akaliokota panga la baba mwenyewe, akanipa. "Kata!"

Nilitazama kamba ile nikawaona waosha maiti. Nikasema, "Siwezi. Hii hukatwa mtu akishakufa." Naam, nilisema hivyo, baba yangu anakata roho mbele yangu! Mpaka leo nikijisikia nikisema maneno yale natamani nijizibe masikio.

Baba akanishika kifundo cha mkono. Sauti ilimtoka kidogo kidogo. "Ulipozama wewe, mimi niliuliza? Kata."

Nikakata.

Alivuta pumzi moja ndefu, kisha akaanza kukohoa, na kikohozi kile sijapata kusikia sauti tamu kuliko ile. Ndipo Fundi Abedi akanigeukia, machozi yanamtoka na midomo inamcheza kwa hasira. "Nilikwambia, mwambie baba yako! Heshima gani hiyo, unamnyamazia mtu mpaka afe? Mimi ni mgeni kwake, asingenisikia. Wewe angekupiga kofi, lakini angekusikia!"

Aliyejibu ni baba, kalala pale kwenye tope jeupe. "Usimgombeze, fundi. Kunyamaza nimemfundisha mimi."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na mkanda. Baba yangu hakuwa mtu wa kusema maneno ya namna hiyo, tena mbele ya watu.

Tulimbeba mpaka kibandani. Mbavu zilikuwa zimevunjika, na kiunoni alikuwa na kidonda cha kumzunguka pande zote. Alipoweza kuketi, akaniambia nimletee kamba yangu. Nikaitoa sandukuni nikimtazama usoni, sijui atanifanya nini. Akaipokea, akaona fundo halijafunguliwa, akanusa, akacheka kwa taabu akishika mbavu. "Mafuta ya nazi," akasema. "Shetani mkubwa wewe."

Halafu akasema maneno ninayotaka uyasikie vizuri. "Kamba hii narudi nayo nyumbani, nitaitundika mlangoni. Ukija Mbwera kunisaidia boriti, utaivaa. Ukirudi kwenye mawe, utaiacha. Nilikufunga ili uwe hai, Omari, sikukufunga kwa sababu nyingine. Fanya kazi yako. Radhi yangu unayo."

Boriti hakukata tena, mbavu hazikumkubali. Lakini aliishi miaka mingi, akawaona wajukuu zake, na watu wakimtania kuhusu kiuno chake kitupu alijibu kwamba yeye ameshaoshwa, wengine ndio bado. Siku alipofariki, waosha maiti walitafuta kamba ya kukata. Hawakukuta kamba, walikuta lile kovu. Mimi ndiye niliyewaeleza, nikashindwa kumaliza.

Na mimi nikaushika ule msumeno mvua zilipokatika. Nimekata mawe mpaka Mwingereza akaondoka na mimi nikazeeka, na vidole vyangu hivi, hesabu mwenyewe, vyote vipo.

Sasa mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kamba yangu ile hapo, kwenye msumari juu ya mlango, niliitoa Mbwera baba alipofariki. Sikufungi. Nenda kwenye mashine mwili wako ukiwa umeshikana na nguo zako, kisining'inie kitu: si kamba, si mkufu wa shingoni, si zile nyuzi za simu unazozitia masikioni. Na akikuletea mtu kitu cha baraka ukivae kazini, hata awe mama yako, kipokee kwa mikono miwili, kibusu, kiache nyumbani. Mapenzi ya wazazi hayatakiwi kufika mpaka kwenye mkanda.

Lakini hilo ni dogo, hilo hata msimamizi wako atakwambia. Kubwa ni hili. Iko siku atakuja mkubwa wako kukutazama kazini. Atakuwa baba yako, au tajiri, au shehe na kanzu inapepea, na atasogea mahali pasipomfaa, na ulimi wako utaona haya. Usione haya! Mpigie kelele. Mkemee kama mtoto mdogo, mshike mkono umvute. Akikasirika utamwomba radhi baadaye, na kwa kuwa atakuwa hai, atakupa. Mimi nilinyamaza kwa adabu, na adabu ile ilitaka kuniulia baba.

Mungu akuongoze, mwanangu. Ayaweke macho yako yawe macho, na masikio yako yausikie msumeno kabla haujaharibika. Mikono unayoondoka nayo leo, akurudishe nayo yote miwili, umbebe mwanao kwa hiyo na mimi unishushe kaburini kwa hiyo. Radhi yangu unayo, na ya baba yangu unayo. Haya, nenda, wasije wakakusubiri. Ukipita mlangoni iguse tu hiyo kamba, halafu iache hapo hapo. Ukirudi jioni utaikuta.