Maji ya Kusuuzia Dumu

Kwa miaka ishirini na sita walimwita Fundi Sikio, kwa kuwa aliweza kutambua injini mbovu ingali getini. Malori mapya yalimpokonya sifa hiyo. Yana tangi dogo la dawa ya kusafisha moshi, na yakiugua hayagongi wala hayakohoi. Huwasha taa, huandika namba ya hitilafu, kisha huishiwa nguvu mlimani.

Lori la dereva waliyemwita Taratibu liliandika namba ileile mara tatu ndani ya mwezi mmoja: dawa hafifu. Fundi alibadilisha sensa, kile kifaa kinachopima dawa, akafuta namba, akaapa limepona. Liliporudi mara ya tatu, alitoa hukumu mbele ya meneja na gereji nzima.

"Huyu anauza dawa, anajaza maji. Mashine haina uongo."

"Mzee mwenzangu," dereva alijibu upesi upesi, "mimi hata mfuniko wake sijawahi kuugusa."

"Leo Taratibu ana mbio!" mtu akadakia, wakaangua kicheko.

Meneja alimsimamisha kazi. Ijumaa aje asikie kama bado ana kazi.

Alhamisi mchana Fundi alikuwa akijaza dawa kwenye lori jingine. Aliinamisha dumu hadi tone la mwisho, akatia maji, akatikisa, akamimina tangini. Akasuuza tena, akamimina tena. Ndivyo alivyolelewa: hata kopo la maziwa kwao lilisuuzwa, maji yake yakaingia kwenye chai.

"Kaka, umetia nini hapo?" aliuliza fundi umeme, mwanamke aliyekuwa akipita.

"Si nimesuuza dumu tu."

"Kila siku unasuuza?"

Fundi alilitua dumu chini. Lori la Taratibu ndilo lililokwenda mbali kuliko yote, na ndilo alilolijaza mara nyingi kuliko yote.

Mwanamke alichota tone tangini, akalitia kwenye kipimo, akampa aangalie mwenyewe: dawa hafifu. Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Kwa meneja mimi siendi," alisema. "Utajua mwenyewe."

Njia ya mkato ilikuwepo: amwage dawa iliyomo kwenye lori la Taratibu, afute namba, asingizie sensa. Dereva angerudi kazini, naye angebaki Sikio. Aliiwaza njia hiyo akinawa mikono, na akanawa mpaka sabuni ikaisha.

Ijumaa Taratibu alikuja na shati lililopigwa pasi, funguo za lori zikiwa ndani ya bahasha aliyomkabidhi meneja. Kabla meneja hajafungua kinywa, Fundi aliomba mafundi wote waitwe.

"Niliwaambia ninyi nyote, basi nyote msikie. Maji ni yangu. Nasuuza dumu, namimina maji yake tangini. Huyu nimemsingizia."

"Tangu lini?" dereva aliuliza.

"Tangu malori haya yaje."

Meneja alimrudishia Taratibu bahasha bila kuinua macho. Nje, Fundi alikwisha kumwaga dawa ya zamani na kuliosha tangi. Akabeba dumu jipya, lililofungwa bado, akalisogelea lori. Taratibu aliweka kiganja juu ya mfuniko.

"Lete," alisema. "Kuanzia leo najaza mwenyewe."

Fundi alimpa dumu, akasimama pembeni akimwangalia akijaza. Lilipokwisha, Taratibu alimrudishia likiwa tupu, na Fundi hakujua aliweke wapi.