Mama wa Idhini

Dada yangu aliozwa kule Waa, nami nikawekwa mlangoni nilinde viatu vya wageni. Shekhe akaja kumwuliza mara tatu kama ameridhia. Dada kimya. Shangazi akasema, "Amenyamaza, amekubali," ubani ukafukizwa. Jozi mbili za viatu zilipotea siku ile na nikapigwa mimi, lakini hayo ni mengine.

Nimelikumbuka hilo kwa sababu uzeeni nilitiwa katika kamati ya kituo kimoja cha utafiti, upande wa Msambweni. Shule niliiachia darasa la tatu, na ndiyo sababu wakanichagua: fomu ya idhini husomwa kwa sauti, nisipoielewa inarudi kuandikwa upya. Aliyetuongoza alikuwa mwanamke wa makamo, msomi wa maadili ya tiba, tuliyemwita Mama wa Idhini. Si daktari. Kazi yake kuhakikisha mtu hapimwi wala hapewi dawa ila kwa hiari yake, na kwake yeye kimya hakikuwa ndiyo.

Siku moja tulimkuta kituoni mfugaji wa Samburu, ile ya huku kwetu pwani, mtu mzima, aliyekuwa katika majaribio ya dawa ya kichocho. Kila akija hutolewa damu. Muuguzi alituambia siku hizi mzee akinyoosha mkono hutazama ukutani.

"Baba, wataka kuendelea?" mama akamwuliza.

"Mambo ni mazuri, mwanangu."

"Sikukuuliza mambo."

Akacheka kidogo. "Nimekunywa chai yenu mara ngapi? Nitasemaje sitaki?"

"Chai yenyewe ya rangi," nikamwambia, "ikufunge wewe mwenye ng'ombe?"

"Nyamaza wewe, hutolewi damu."

Mama akamweleza, kama fomu inavyosema, kwamba anaweza kuinuka sasa hivi, asitoe sababu, na matibabu yake ya kawaida yako palepale.

"Bila kuaga?"

"Hata bila kuaga, baba."

Daktari wa utafiti alikuwa amesimama na sindano yake, watu wamempungukia. Mzee akashusha mkono wa shati, akachukua bakora yake, ya mpingo, ambayo sitaficha niliitamani, akatoka.

Daktari akataka kumfuata. "Angalau nimwulize kwa nini."

"Fomu uliiandika wewe," mama akamwambia, naye hakuondoka kitini.

Dirishani nikamwona mzee akivuka barabara kuu, hatazami nyuma. Hakurudi tena.