Kofi Nyuma ya Kadibodi

Wenzake walimwita Mama Panya, na jina hilo halikumkera hata kidogo. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiwatunza panya weupe wa maabara: kubadilisha maranda, kujaza maji, kuandika nani kazaa na nani. Watafiti walikuja na shahada zao, wakaondoka nazo. Yeye alibaki na ufunguo wa chumba.

Vitoto vya panya vikifika wiki tatu, ilikuwa kazi yake kuvipima usikivu kwa kuvipigia kofi. Kinachosikia hutikisa masikio papo hapo. Kiziwi hutulia tuli. Ila kofi lazima lipigwe nyuma ya kadibodi, maana kiziwi akiuona mkono au akihisi upepo wake, atashtuka vilevile na kukudanganya. Kila mgeni alifundishwa hilo, tena kwa ukali.

Halafu akaenda akafanya kosa hilohilo nyumbani kwake, jamani! Binti yake alipokuwa mchanga alimpigia makofi mbele ya uso, mtoto akacheka, mama akaridhika. Mpaka mtoto alipotimiza miaka miwili bila neno hata moja, ndipo mama alipochukua kipande cha kadibodi. Alipiga makofi hadi viganja vikawaka moto. Mtoto aliendelea kuchezea kifuniko cha sufuria.

Hospitali wakapima damu ya mtoto na ya wazazi wote wawili. Kabla majibu hayajatoka, mavyaa wake, mama mzazi wa mume, alikuwa ameshatoa yake: ni dawa za maabara hizo, mwanamke mwenye mimba anashinda na panya, mlitegemea nini? Akaitisha kikao cha ukoo sebuleni kwake. Shauri lilikuwa limeshapikwa: mtoto alelewe na bibi yake, na mama aende zake na panya wake. Mume wa watu kajiinamia, anahesabu maua ya zulia.

Walidhani atalia. Thubutu! Mama Panya alisimama akawaeleza. Tumboni, alisema, seli za mtoto hupewa maagizo ya kuwa hiki au kile, na maagizo hayo yamo kwenye vinasaba. Vingine huziagiza ziwe ubongo, vingine ziwe jicho, vingine huzikuzia vinyweleo vidogo mno ndani ya sikio, vya kunasa sauti. Kila kinasaba huja nakala mbili, ya mama na ya baba. Kwa ugonjwa huu, nakala moja ikiwa mbovu, nzima inafanya kazi na wala hutajua. Zikiwa mbovu zote mbili, vinyweleo havikui sawasawa. Amepandisha panya wa namna hiyo miaka nenda rudi, na hajaona hata siku moja kiziwi akitokea upande mmoja tu.

"Nakala moja mbovu ni yangu, nimeipokea," alisema. "Ya pili imetoka humu ndani. Majibu ya hospitali yametoka jana, haya hapa, asome anayetaka."

Wifi yake akaguna. Kaka mkubwa wa mume aliisoma karatasi mara mbili, akairudisha mezani.

Mavyaa si mtu wa kushindwa kirahisi. Akauliza, kwa sauti laini kabisa, hao panya wanaozaliwa viziwi huko kazini huwa wanafanywaje.

Angeweza kudanganya. Hakupepesa macho.

"Tunawaua, mama. Tunafungua sikio, tunatazama na ubongo. Mimi ndiye ninayewapeleka. Kwa hiyo asinifundishe mtu tofauti ya panya na mtoto. Huyu ni wangu, na haachwi hapa."

Akamgeukia binti yake, aliyekuwa amekaa sakafuni akiitazama mikono ya mama, akamwambia kwa ishara avae viatu, wanarudi nyumbani. Kiatu kimoja kilikuwa hapo hapo. Cha pili mume wake alikiinamia chini ya kochi, akakitoa, akapiga magoti mbele ya ukoo mzima na kumvalisha mwanawe.