Kopo la Maganda ya Karanga

"Umechekecha huo unga wa maganda mara ngapi?" nilimuuliza shemeji yangu, mume wa mdogo wangu.

"Mara moja, shemeji. Inatosha."

"Inatosha kwa bomba la maji, siyo kwa uso wa binti yako anayeolewa keshokutwa!"

Huyu bwana ni fundi wa kung'arisha mabomba ya shaba. Husaga maganda ya karanga, akaisugua shaba mpaka inzi akitua anateleza na kuteguka kiuno. Kwa hilo simtoi kasoro. Lakini tangu asikie kwamba wanawake husugulia uso unga huohuo, kichwa kimemvimba. Anajiita daktari wa ngozi, na visigino vyake mwenyewe vina nyufa za kufichia panya!

Unga wa uso huchekechwa mara tatu, ya mwisho kwa kitambaa laini, hadi ukiupuliza unapaa kama moshi. Yeye, mvivu wa kuzaliwa, alichota wa karakana, akabandika picha ya ua kwenye kopo, akampa bintiye.

"Ameshajipaka?"

"Yuko bafuni tangu asubuhi. Nimemwambia akaze mkono, kama mimi na bomba."

"Akaze mkono! Ewe zuzu, unamwoza binti au unasugua kutu?"

"Wivu tu huo, shemeji. Ukiona anavyong'aa, utaniomba kopo mwenye—"

Mlango wa bafuni ukafunguliwa. Binti alitoka na taulo usoni, akaja hadi mbele ya baba yake, akaliteremsha taratibu. Uso uling'aa kweli, lakini kwa michubuko myekundu kuanzia kipaji hadi kidevu.