Padre Lokwang, Aliyeifunga Dhambi ya Epuyo Akatembea Nayo

Yaliyoandikwa hapa ni kweli tupu, hayakutiwa chumvi hata chembe. Mwandishi ameapa mkono wake ukiwa juu ya Msalaba, na mkono ulikuwa umeoshwa.

Alizaliwa Padre Petro Lokwang kando ya Ferguson's Gulf, ghuba ya ziwa, mwaka ambao samaki waliukimbia ufuo, na siku aliyolia mara ya kwanza wavuvi walijaza mashua tatu. Alikua akichunga mbuzi, akasikia wito akiwa malishoni, akapewa upadre Lodwar. Tunamshukuru Mungu kwa masikio yake, maana aliwasikiliza watu kama mchungaji anavyoitegea sikio kengele ya ngamia aliyepotea.

Jaribu lake kubwa lilikuja Kwaresima ya mwaka 2013. Epuyo, muuza makaa wa Lodwar, alitamani kukomunika siku ya Pasaka pamoja na mkewe Nakiru, jambo alilojinyima kwa mwaka mzima. Haya Epuyo ameyatangaza mwenyewe hadi sokoni. Padre hakufungua kinywa kamwe. Epuyo aliungama kwamba mwaka 2012, kule Kakuma, alimwiba akamswaga punda jike aliyembebea kuni Nyaduoth, mjane mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Kisha akaongeza, kama anayepunguza kosa, kwamba punda alikwisha kukatwa sikio kwa alama ya ukoo wake, kwa hiyo sasa alikuwa wa nyumbani.

"Umemkata sikio punda," padre akamwambia. "Sikio la Mungu hujalikata. Amezaa?"

"Amezaa, Padre."

"Basi ni wawili."

Epuyo aliomba aondolewe dhambi kwanza, arudishe baadaye. Padre akakataa. Alisema Kristo alilikabidhi Kanisa mamlaka ya kufungua, na ya kufunga vilevile, na mlango usiofungika si mlango. Epuyo akatoka amenuna, akinung'unika kwamba padre amegeuka askari wa kizuizini. Lakini alfajiri Epuyo alimkuta padre ameketi nje ya boma lake na kibuyu cha maji.

"Ejok, Epuyo," padre akamsalimia. "Njia ni ndefu kwa mtu mmoja."

Walitembea siku nne, punda na mwanawe mbele yao. Wingu liliwafuata kama mwavuli, na kila padre aliposali rozari punda alipiga magoti.

Walipofika Kakuma, Epuyo alisimama mbele ya Nyaduoth ameshika kamba ya punda, akijua majirani wangeweza kumpiga mawe. Mama yule alilipapasa sikio lililokatwa, akamtazama mwana wa punda, kisha akamgeukia Epuyo.

"Kumbe una sura," akasema. "Mwaka mzima nimemchukia mtu asiye na sura. Nimechoka. Funga kamba, ukae, unywe chai."

Palepale kando ya mafiga padre alimwekea Epuyo mikono, akamwondolea. Epuyo alilia mpaka chai ikapoa. Pasaka alikomunika, Nakiru ubavuni mwake.

Padre Lokwang alifariki kwa malaria mjini Lodwar, Novemba mwaka huohuo. Tumshukuru Mungu, tumwige: tusifungue haraka ili tupendwe, na tukifunga, tumsindikize tuliyemfungia.

Maisha haya yaliposomwa mbele ya jumuiya ya Kakuma, Nyaduoth aliinuka akamwambia mwandishi:

"Mzee, punda yule hapigi magoti hata kwa mzigo. Na wingu lipi? Padre alifika midomo imepasuka. Alitembea juani, nawe unamnyang'anya jua lake."

Watu walicheka; mwandishi hakucheka. Alipokwenda kuungama uongo wa kiapo chake, padre mpya alimfungia mpaka alipe: wiki mbili kwenye foleni ya maji, madumu manne kila asubuhi, mpaka mlangoni kwa Nyaduoth. Amelipa. Wingu halikuwepo. Jua lilikuwepo, na padre alitembea.