Zimebaki Dakika Kumi

Mdogo wangu Sieni haogopi kitu. Nguruwe dume akivunja ua, yeye ndiye anayemtimua kwa fimbo huku mimi napiga mayowe. Lakini jioni ile nilimkuta mkekani, simu mkononi, uso umemsawajika.

"Dada, wananifutia Lolesio."

Lolesio alikuwa mwanawe wa pekee. Alikwenda Australia kuchuma matunda, akafa huko kwa ajali ya gari. Video zote alizomtumia mama yake zimo kwenye akaunti ya barua pepe ya Sieni, na nakala hana popote. Tangu tumzike hajathubutu kufungua hata moja. Kujua tu kwamba zipo kulimtosha.

Nikamnyang'anya simu nikasoma. Ati kampuni imegundua kasoro, zimebaki dakika kumi akaunti ifutwe na vyote vilivyomo, asipobonyeza hapa na kuandika neno lake la siri.

"Si uandike basi! Unangoja nini?" nikamfokea.

Akaanza kuandika. Anakosea, anafuta, anaanza upya. Hapo baragumu likalia.

Kijijini kwetu Samoa, baragumu la jioni halichezewi. Wanaume wanasimama barabarani kulinda, kila nyumba inakaa kusali, na nyumba zenyewe hazina kuta. Ukionekana na simu, wazee wanakutoza nguruwe.

"Weka hicho kidude," Mama yetu akasema.

"Mama, dakika moja tu, nakuomba."

"Na Mungu naye akikwambia dakika moja? Lete hapa!"

Akaisukumia chini ya mto wake, akaanza kuomba. Jamani, Mama akiomba! Akawaombea ndugu zetu walioko Auckland, mmoja mmoja kwa majina, na magoti yao mabovu. Sieni alinibana mkono mpaka kucha zikaniingia. Machozi yanamdondoka, na kuinuka hawezi. Nilitamani kumwambia Mama afupishe.

Baragumu lilipolia tena, Sieni akairukia simu. Dakika zenyewe zilikuwa zimekwisha zamani.

"Ameshakwenda! Mmeniulia mwanangu mara ya pili!"

"Hebu angalia kwanza!"

"Siwezi."

"Angalia, Sieni! Achana na huo ujumbe, ingia mwenyewe kama siku zote."

Akaingia huku amefumba jicho moja. Video zote zilikuwepo, haikupungua hata moja.

Ndipo hasira zikanipanda. Muda umepita na hakuna kilichofutwa? Nikaichukua simu, nikakagua anwani ya aliyetuma: herufi na tarakimu zimerundikwa ovyo, jina la kampuni halimo. Hata jina la Sieni hawakulijua, wamemwita "mteja mpendwa".

"Wezi wakubwa hawa! Walitaka neno lako la siri wakufungie nje ya akaunti yako mwenyewe! Washenzi!"

Nikaufuta ujumbe wao. Sieni hakuwa akinisikiliza. Alinipokonya simu, akaigusa video ya mwisho, apate uhakika. Lolesio akatokea, ameshika sufuria nyeusi tii.

"Mama, ona, nimeunguza tena magimbi! Usimwambie Bibi."

Mama akainua kichwa kutoka kwenye mto. "Nimeshasikia, mjinga wewe," akamjibu mjukuu wake.

Sieni akaangua kicheko, cha kwanza tangu mazishi, kisha akalia mpaka akaishiwa nguvu. Halafu akajipangusa uso, akaketi karibu na Mama, akaiweka tena tangu mwanzo.