Barua Yenye Mhuri

Mlinzi wa ofisi moja hapa Songea hujifunza Kiingereza kwenye magazeti, misemo akiinakili daftarini. Juzi nikiwa kwenye foleni, mama mmoja kutoka kijijini Nalasi alimpa barua ya Kiingereza kutoka kwa mwajiri wa mwanawe aliyeko ughaibuni. Ofisi ilikuwa imeigonga mhuri vizuri, na tarehe, ikamrudishia bila kumsomea.

"Nisomee, baba. Anarudi lini?"

Mlinzi alisoma taratibu. Misemo ya kutangazia kifo aliijua yote. Alikuwa ameinakili kutoka habari za ajali. Akaikunja barua, akavua kofia.

"Mama, hapa mjini umekuja na nani?"

Mama hakuuliza tena barua inasemaje. Alikaa chini palepale getini, akajifunika uso kwa khanga. Swali hilo kwetu halihitaji mkalimani.